Maswali ya Wasomaji: Ganda la Risasi, Uzito Wake na Vipimo Vyake

Barua zilizofika mezani mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Tangu tulipoeleza, katika toleo lililopita, jinsi brasi ya mifereji ya maji inavyotengenezwa, wasomaji wengi wameuliza kuhusu brasi ya maganda ya risasi za bunduki, na hasa kwa nini maganda yanayosemekana kuwa ya aina moja hayalingani. Nimechagua barua tano. Kabla ya kuzijibu nikumbushe kwamba nchini Kenya risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kwamba mtu anayetaka kuzimiliki, sembuse kuzijaza upya, hana budi kuanzia kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Hapa tutazungumzia metali na vipimo vyake, basi.

SWALI: Kaka yangu anaishi Pretoria, ni mlenga shabaha mwenye leseni, na hujaza mwenyewe risasi zake za .308 Winchester. Amenunua boksi la maganda mapya, akayaweka kwenye mizani moja baada ya jingine, akakuta mengine ni mazito kuliko wenzake ingawa yote yametoka kiwanda kimoja. Sasa anayapanga kwa uzito na kuyatupa yale ya pembeni. Je, kazi hiyo ina faida, au anatupa pesa? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Ina faida kidogo, lakini si kwa sababu anayoidhani kaka yako. Tuanzie kiwandani. Ganda la bunduki huanza likiwa kisahani cha brasi yenye asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Kisahani hicho hukandamizwa kikawa kikombe, na kikombe husukumwa kwa pini ya chuma kupitia kwenye dai nyembamba, yaani kalibu ya chuma kigumu yenye tundu, mara kadhaa, kila mara ukuta ukipungua unene na ganda likirefuka. Brasi ikivutwa hivyo huwa ngumu, kwa hiyo kati ya mvuto mmoja na mwingine hupashwa moto tanurini ilegee, kisha huoshwa kwa asidi ili magamba ya moto yatoke. Baadaye kitako hupigwa kikiwa baridi, kwa nguvu nyingi, ili kiwe kigumu na kipate kishimo cha fataki, yaani kile kidonge kinachowasha baruti kikigongwa. Bega na shingo huundwa. Mdomo hukatwa kwa urefu unaotakiwa. Na mwishowe shingo peke yake hulainishwa tena kwa moto.

Katika hatua zote hizo kuna mianya ya tofauti kupenya. Pini isipokaa katikati ya dai, hata kwa sehemu ndogo tu ya milimita, upande mmoja wa ukuta hutoka mnene na upande wa pili mwembamba, na kasoro hiyo hufuatana na ganda hadi mwisho, kwa kuwa hakuna hatua ya baadaye inayoirekebisha. Isitoshe, kiwanda kikubwa hutumia seti nyingi za pini na dai kwa wakati mmoja, nazo huchakaa kwa viwango tofauti, huku maganda yake yote yakiangukia kapu moja. Ndiyo maana boksi lenye jina moja na namba moja laweza kubeba jamii mbili au tatu za maganda, na anayeyapima yote kwa subira huona jinsi yanavyojikusanya kwenye vikundi badala ya kutawanyika ovyo.

Sasa tuje kwenye uzito. Kinachoamua shinikizo ndani ya ganda ni nafasi iliyoachiwa baruti, na uzito ni njia ya mzunguko ya kukisia nafasi hiyo. Sentimita moja ya ujazo ya brasi ina uzito wa gramu 8.5 hivi, kwa hiyo gramu moja ya ziada hula nafasi ya takriban mililita 0.12. Ganda la .308 likijazwa hadi mdomoni hubeba karibu mililita 3.64, maana yake gramu hiyo moja imepunguza nafasi kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Tofauti ya kiasi hicho ni ya kawaida kabisa kati ya ganda la kiraia na ganda la kijeshi la 7.62×51, ambalo kuta zake mara nyingi ni nene zaidi, na ni tofauti ya kuhofiwa: kipimo cha baruti kilichokuwa salama kwenye ganda jepesi chaweza kupitiliza shinikizo kwenye ganda zito. Kuyachanganya hayo mawili ni hatari hata kama yanaingia kwenye bunduki ileile bila kusukumwa.

Lakini ndani ya boksi moja, ambamo tofauti ni sehemu ndogo tu ya gramu, mizani hudanganya. Uzito huo wa ziada waweza kuwa umekaa kwenye ukingo wa kitako au kwenye mfereji unaoshikwa na ndoano ya bunduki, mahali ambapo hauigusi nafasi ya baruti hata chembe. Kaka yako akitaka kujua ukweli, na achukue maganda machache yaliyokwisha kufyatuliwa katika bunduki yake mwenyewe, yenye urefu uliolinganishwa na fataki zilizokufa zikiwa bado mahali pake. Apime ganda likiwa tupu na kavu. Alijaze maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji yaliyotiwa tone moja la sabuni ya vyombo ili yasitune mdomoni wala kuficha povu la hewa begani. Yakisawazika kabisa na mdomo, apime tena. Tofauti kwa gramu ndiyo nafasi kwa mililita. Akifanya hivyo kwa ganda zito kuliko yote na jepesi kuliko yote katika boksi lake, atajua papo hapo kama mizani yake ilikuwa inamwambia jambo la maana.

Mimi ningeanza na shingo. Ukuta wa shingo ya .308 huwa na unene wa karibu milimita 0.38. Ukikuta ganda ambalo upande mmoja ni 0.36 na upande wa pili ni 0.40, kichwa cha risasi kilichoshikwa humo hakitakaa katikati ya mtutu, na, kibaya zaidi, huenda ukuta wote wa ganda hilo una kasoro ileile hadi chini, kwa maana hitilafu ilitokana na pini. Ganda la namna hiyo likifyatuliwa, upande mwembamba hunyooka kuliko mwenzake na ganda lote hupinda kidogo, na hakuna dai ya kujazia itakayolinyoosha kikamilifu. Hayo ndiyo maganda ya kutupa, yawe mazito au mepesi. Unene uliotofautiana kati ya ganda na ganda nao una lake: shingo hushika kichwa cha risasi kwa kubana, kwa kuwa imeundwa ikiwa nyembamba kuliko kichwa hicho kwa milimita 0.03 hadi 0.08 hivi, kwa hiyo tofauti ndogo ya unene au ya ugumu hubadilisha nguvu ya kubana, na mwendo wa risasi nao hubadilika.

Hapo ndipo chombo cha kupimia kinapoingia, nami nasema hivi kwa wasomaji wote wanaopenda vania, yaani vipimio vyenye taya mbili, za kidijitali na za bei nafuu. Vania nyingi za aina hiyo zina kosa linaloruhusiwa la milimita 0.02 au 0.03, hata kama kioo chake kinaonyesha tarakimu mbili kwa ujasiri. Haiwezekani kutafuta tofauti ya 0.02 kwa chombo chenye kosa la 0.02. Zaidi ya hapo, taya za vania ni bapa, nazo haziwezi kukaa sawasawa upande wa ndani wa shingo ya mviringo. Kinachotakiwa ni maikromita yenye ncha ya gololi, inayosoma 0.01 au chini yake, na ambayo imehakikiwa. Kwa walio Nairobi, kazi ya kuhakiki vyombo vya vipimo hufanywa na maabara za KEBS, shirika la viwango la Kenya, kule Popo Road. Kuhusu joto la chumba kaka yako asijisumbue: ganda la milimita 51 hurefuka kwa mia moja tu ya milimita joto likipanda kwa nyuzi 10, na maganda yote hurefuka pamoja.

Neno la mwisho juu ya boksi lake. Watengenezaji kama Lapua wa Finland husifiwa na walenga shabaha kwa maganda yanayolingana, nao hutoza bei inayofanana na sifa hiyo. Wengine hutengeneza maganda mazuri tu ambayo hayakuchambuliwa. Vipimo vya C.I.P., tume ya kimataifa ya kupima silaha iliyoanzishwa Liège mwaka wa 1914, na vya SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani kilichoundwa mwaka wa 1926, vinahakikisha kwamba ganda litaingia kwenye chemba, yaani sehemu ya mtutu linamokaa risasi, na kwamba litatumika kwa usalama; havikuahidi kamwe kwamba ganda la kwanza litafanana na la hamsini. Urefu wa ganda la .308, kwa mfano, unaruhusiwa kufika milimita 51.18 na kupungua hadi karibu 50.67, na nusu milimita hiyo ni pana mno kwa mlenga shabaha wa mita 600.

SWALI: Mimi ni fundi wa lethi Kariobangi, nachonga bushi na viungo vya pampu kutoka kwenye fito za brasi. Nauliza kwa udadisi wa kazi tu: kwa nini viwanda hupata taabu yote ya kuvuta na kuchoma, wakati lethi nzuri ingechonga ganda lililo sawa kuliko yote kwa mara moja? (Fundi, Kariobangi)

JIBU: Fundi, swali lako ni zuri na nusu yake ni ya kweli. Kwa usawa wa mviringo, mtu mwenye mkono wako na mashine isiyocheza angeweza kukishinda kiwanda. Tatizo lako ni fito.

Brasi unayoizoea, ile inayokatika vipande vifupi vinavyoruka mbali na kisu bila kukifunga, imetiwa risasi, yaani ile metali ya betri za gari, kiasi cha asilimia 3, na shaba yake ni asilimia 61 hivi. Risasi hiyo ndiyo inayokatakata mabaki na kukurahisishia kazi. Brasi ya ganda haina risasi ya kusemwa, na ukiiweka kwenye lethi yako utaona nyuzi ndefu zinazojizungusha kwenye kisu hadi usimamishe mashine. Sasa fikiria shinikizo: .308 inaruhusiwa kufika bar 4,150. Metali yenye vichembe vya risasi ndani yake, na yenye zinki nyingi kiasi cha kuifanya isivutike sana ikiwa baridi, ikisukumwa hivyo hupasuka mahali ambapo ile ya asilimia 70 ingenyooka na kurudi.

Sababu ya pili ni ugumu. Ganda zuri lina ugumu unaopungua kutoka chini kwenda juu: kitako kigumu kisichotanuka, tumbo la wastani linalotanuka na kubana chemba ili gesi isirudi nyuma, kisha likasinyaa kidogo litoke kwa urahisi, na shingo laini isiyopasuka. Hatua zile za kupiga, kuvuta na kuchoma ndizo zinazopanga ngazi hizo. Fito yako ina ugumu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Isitoshe, metali iliyovutwa ina chembe zilizolala kufuata umbo la ganda na kuzunguka kona za kitako, kama nyuzi za mti zinavyofuata tawi, ilhali kisu cha lethi huzikata zilipofika pembeni.

Yapo maganda ya bunduki za kale ambayo huchongwa kutoka kwenye fito nzima kwa sababu hakuna kiwanda kinachoyatengeneza tena. Huwa manene na hutumika kwa shinikizo dogo. Na kwa kuwa umesema unauliza kwa udadisi, udadisi huo na ubaki hapo: kuchonga sehemu za risasi bila leseni kutakufikisha pabaya.

SWALI: Klabu yetu ya ulengaji imepokea maganda mapya yenye shingo za rangi ya kahawia na buluu, kana kwamba yameungua. Wenzangu wanasema ni ya zamani yaliyosafishwa tumbo tu. Tuyarudishe? (Mwanachama wa klabu, Nairobi)

JIBU: Msiyarudishe kwa sababu hiyo. Hiyo ni alama ya moto wa mwisho uliolainisha shingo. Majeshi hupenda iachwe ili mkaguzi aione kwa macho. Watengenezaji wengi wa maganda ya kiraia huipolishi iondoke kwa sababu wanunuzi hupenda kung'aa. Kagueni rangi inaishia wapi: ikiwa imekoma begani au chini yake kidogo, mambo ni shwari. Ikiwa imeshuka hadi kitakoni, ganda hilo limepoteza ugumu mahali linapouhitaji kuliko popote, nalo lisitumike.

SWALI: Babu yangu alipigana Burma na King's African Rifles na akarudi na ganda la mzinga la brasi lenye maandishi "25 PR" kitakoni. Kwa miaka mingi lilikaa ghalani kijijini, ukuta mmoja na zizi la mbuzi, na sasa limo sebuleni kwetu South B likiwekewa maua. Limepasuka lenyewe kutoka mdomoni kushuka chini, bila kugongwa. Brasi inawezaje kupasuka hivyo? (Mjukuu, South B)

JIBU: Zizi la mbuzi limejibu nusu ya swali lako. Mkojo wa wanyama hutoa amonia, na amonia pamoja na unyevu hushambulia brasi ambayo ndani yake kuna mkazo uliobaki tangu kiwandani. Vitu hivyo vitatu vikikutana, yaani mkazo, amonia na unyevu, ufa huanza na kutambaa polepole katikati ya chembe za metali, bila kutu inayoonekana na bila metali kupungua unene, hadi siku moja unaona mstari uliokuwa haupo jana.

Waingereza waliligundua tatizo hili kwa gharama huko India. Risasi zao zilihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na kila majira ya mvua yalipofika maganda yalipasuka shingoni, hata watu wakadhani ni msimu wenyewe unaoyapasua. Maelezo ya kisayansi yaliyohusisha amonia na mkazo wa ndani yalitolewa mwaka wa 1921 na Moore, Beckinsale na Mallinson. Tiba yake ndiyo ule moto wa shingo tuliomweleza msomaji wa klabu hapo juu, kwa kuwa shingo na bega ndiyo sehemu zinazobaki na mkazo mwingi baada ya kuundwa.

Ganda la babu lioshe kwa maji safi, likauke kabisa, lipakwe nta, na uachane na dawa za kung'arishia brasi zenye harufu kali inayopanda puani, maana nyingi zina amonia. Maua yawe ya kukauka. Usilipashe moto. Na geuza ganda uangalie fataki katikati ya kitako: ikiwa haina alama ya kugongwa, usiendelee kulishika, waite polisi walichukue. Wajazaji risasi nao wanafaa kusikia hili, kwa sababu wapo wanaoosha maganda kwa maji ya kusafishia vioo. Maji yenye asidi kidogo ya ndimu, yakifuatwa na kusuuza mara mbili, huondoa weusi bila kuacha sumu hiyo.

SWALI: Ganda moja laweza kujazwa mara ngapi? Kila ninayemuuliza ananipa namba yake. (Msomaji mwenye leseni, Karen)

JIBU: Namba zao zote huenda ni sahihi, kila moja kwa bunduki yake. Kinacholimaliza ganda ni umbali uliopo kati ya uso wa bolti, yaani kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma, na bega la chemba, ukilinganishwa na urefu wa ganda lenyewe kutoka kitako hadi bega. Kwa .308, kwa vipimo vya SAAMI, chemba huruhusiwa kuwa kati ya milimita 41.40 na 41.66, na risasi kati ya 41.33 na 41.50. Chemba ndefu ikikutana na ganda fupi, kunabaki pengo la theluthi moja ya milimita. Pini ya bunduki husukuma ganda mbele, kuta nyembamba hubana chemba na kukataa kusogea, halafu kitako husukumwa nyuma hadi kiguse bolti. Metali inayolipia mwendo huo ni ukanda mwembamba wa ukuta ulio juu kidogo ya kitako. Ukilirudisha ganda hilo kwenye urefu wa kiwandani kila unapojaza, ukanda uleule hunyooshwa kila unapofyatua, na waweza kukatika baada ya mara nne au tano. Mwenye kupima maganda yaliyotoka kwenye bunduki yake, kisha akaishusha dai kiasi cha kurudisha bega nyuma kwa milimita 0.03 hadi 0.05 tu, hutumia maganda yayo hayo kwa muda mrefu zaidi, hadi shingo ianze kupasuka au kishimo cha fataki kilegee.

Dalili ya nje ni mstari unaong'aa unaolizunguka ganda juu ya kitako, ingawa mstari huo pekee hautoshi kuhukumu, kwa kuwa dai nayo huacha alama inayofanana nao. Chukua waya mwembamba wa chuma, ukunje ncha yake iwe ndoano ndogo, uichonge kali, kisha uipitishe ndani ya ganda ukiivuta kutoka sakafuni kupanda juu huku imeegemea ukuta. Ukuta mzima huteleza. Ncha ikidumbukia kwenye kishimo na kukwama kabla ya kupanda tena, ukuta umeshaliwa kwa ndani: libane ganda hilo kwa koleo hadi libonyee mtu mwingine asilitumie, na uyapitishie waya maganda yote yaliyojazwa pamoja nalo kabla hujagusa baruti.